Kampuni ya Bima Ikifa, Nani Atalipa?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wengi wetu hapa shuleni hulisikia neno "bima" mara mbili tu kwa muhula: siku ya kwenda likizo, askari wa usalama barabarani anapolisimamisha basi na kuikagua bima yake, na siku ya kuugua, muuguzi anapouliza kadi. Neno lenyewe lilitufikia kwa Wahindi, na labda ndiyo sababu wengine hudhani kwamba ni jambo la wenye maduka na malori peke yao. Mimi nasema ni jambo la kila mtu apandaye gari, na zaidi ya hayo ni jambo la siasa. Najua wenzangu wa mchepuo wa sayansi watacheka. Watasema bima ni hesabu tupu, siasa imeingiaje? Nawaomba wanisome mpaka mwisho, kisha wacheke wakitaka.

Kwanza tuelewane juu ya biashara yenyewe. Muuza sukari hununua sukari kwanza, ndipo aiuze. Akikosea bei atajua jioni ile ile anapohesabu fedha za mauzo. Mwenye kampuni ya bima hufanya kinyume chake. Yeye hupokea fedha leo, na gharama yake haijui mpaka mwakani, au mwaka wa tatu, kesi ikiisha mahakamani. Anachouza ni ahadi. Tazama chama cha kufa na kuzikana, ambacho kila mmoja wetu anakijua nyumbani kwao. Wanachama 100 wakitoa shilingi 10,000 kila mwezi, mweka hazina atakuwa na shilingi milioni moja mezani, na asipofiwa mtu miezi mitatu atajiona tajiri. Hapo ndipo vishawishi huanza. Fedha zile si zake, wala si faida. Ni za maiti ambao bado hawajafa, kama mtaniwia radhi kusema hivyo. Akizitumia kujengea banda la kuku, hakuna atakayejua mpaka siku ya msiba.

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba kampuni ya bima inayokufa mara nyingi huonekana nene. Ikishindwa kulipa madai ya zamani, hushusha bei ili ipate wateja wapya upesi, na fedha za wateja wapya hulipa madai ya wale wa kwanza. Wateja humiminika, maana nani hapendi cha bei rahisi? Ofisini pana foleni, na mpita njia husema kampuni inastawi. Kumbe inachimba shimo hapa ili kufukia shimo pale. Kwa sababu hiyo haifai kumwachia mnunuzi kazi ya kuchagua kampuni nzuri, kama anavyochagua nyanya sokoni. Nyanya huibonyeza kwa kidole, ahadi haibonyezeki.

Basi lazima awepo msimamizi mwenye nguvu ya sheria. Naye lazima aambiwe nani aruhusiwe kuuza bima, kiasi gani kiwekwe kando bila kuguswa, na kampuni ikifa ni nani atangulie kulipwa. Majibu ya mambo haya hayamo katika kitabu cha logarithimu. Hutungwa na Bunge, na Bunge hubadilika kila siasa inapobadilika. Historia ya nchi yetu ni ushahidi wa kutosha.

Wakati wa Uhuru, bima Tanganyika ilikuwa mikononi mwa kampuni za nje kwa sehemu kubwa. Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Kisha likaja Azimio la Arusha, tarehe 5 Februari 1967, na sheria iliyofuata mwaka huo huo ikaliachia Shirika hilo biashara yote ya bima Tanzania Bara. Zanzibar nayo ikapata Shirika lake mwaka 1969. India ilikuwa imetangulia katika njia hiyo hiyo: mwaka 1956 ilitaifisha bima za maisha na kuziunganisha kampuni zaidi ya 200 kuwa shirika moja. Kwa hiyo Mwalimu Nyerere na wenzake hawakuzua jambo ambalo halijapata kuonekana duniani.

Kwa siasa ya wakati ule, swali la kampuni kufilisika lilifutwa lote kwa siku moja. Serikali haifilisiki kama duka. Ikiwa Serikali ndiyo mwenye kampuni, mwananchi ana hofu gani? Nimewahi kumsikia mwalimu mmoja mstaafu akilisifu jambo hili kwa moyo wote, na sehemu moja nakubaliana naye. Hakuna tapeli aliyeweza kufungua ofisi ya bima mtaani, akakusanya fedha, akatoroka.

Lakini ahadi haifi kwa njia moja tu. Twaeni penseli. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 bei za vitu nchini zilikuwa zikipanda karibu asilimia 30 kwa mwaka. Kitu kilichouzwa shilingi 100, mwaka wa pili ni 130, wa tatu ni 169, na baada ya miaka saba kimepita 600. Sasa fikiri juu ya mfanyakazi aliyekata bima ya maisha akiahidiwa kiasi fulani cha shilingi, naye akalipa kila mwezi bila kukosa, akakatwa katika mshahara. Siku ya kulipwa akapewa shilingi zile zile alizoahidiwa, hakuna hata senti iliyopungua. Lakini kile ambacho kingejenga nyumba sasa kilinunua milango. Je, huyu hakupata hasara sawa na ya mtu ambaye kampuni yake imefilisika? Tofauti ni kwamba wa kwanza hakuwa na mfilisi wa kumwendea, wala mahakama ya kumsikiliza, maana kwa sheria alikuwa amelipwa. Shirika la Serikali halikufilisika; shilingi ndiyo iliyofilisika kwa niaba yake. Jambo hili husahauliwa sana na wale wanaodai kwamba kutaifisha ni dawa tosha.

Siasa ikageuka tena. Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lililegeza masharti ya Arusha, vyama vingi vikarudi mwaka 1992, na mwaka 1996 Bunge likatunga sheria mpya ya bima iliyofungulia mlango kampuni za watu binafsi. Hapo swali lililozikwa mwaka 1967 likafufuka: kampuni binafsi ikishindwa kulipa, itakuwaje? Kwanza usimamizi uliwekwa katika idara chini ya Wizara ya Fedha. Sheria ya mwaka 2009 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, chombo chenye jina lake na ofisi zake. Angalieni miaka: kati ya kufungua mlango na kuweka mlinzi kamili mlangoni ilipita miaka 13. Sisemi kwamba mambo yaliharibika yote katika miaka hiyo, lakini nasema huo si utaratibu wa mtu mwenye mifugo. Mfugaji hujenga zizi kwanza.

Majirani zetu wa Kenya wamepita njia nyingine, na yaliyowapata yanatufaa kuyajua, hasa sisi tunaoishi karibu na mpaka na wenye ndugu pande zote mbili. Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa fundi cherehani upande ule. Alipanda matatu ikapinduka, akavunjika nyonga. Kesi ilichukua muda, lakini alishinda, na mahakama ikaamuru alipwe. Kabla hajaona hata shilingi moja, kampuni ya bima ya gari lile, ambayo sitaitaja wala si mojawapo ya nitakazozitaja hapa chini, ikawekwa chini ya msimamizi, na msimamizi akazuia malipo yote. Mjomba akaambiwa asubiri. Kushona kwa mguu mmoja kwenye cherehani ya kukanyaga si rahisi. Ikabidi aiuze, anunue mashine ndogo ya mkono.

Mimi nilikuwa nikimchukia mwenye matatu katika hadithi hii, mpaka mama aliponieleza kwamba naye aliumia. Alikuwa amekata bima kama sheria inavyotaka, amelipa kwa wakati, stika ilikuwa kiooni. Kampuni iliponyamaza, wakili alimgeukia yeye, maana hukumu ilimtaja yeye, na madalali wakaja kuliandika gari lake. Alilipa bima asishitakiwe, akaishia kunadiwa. Mama huona kwamba mwenye gari lazima awe na mali nyingine ya kumlipa majeruhi. Mimi naona mtu huyu alitii sheria ya nchi, na nchi ndiyo iliyompa leseni yule aliyempokea fedha. Hatujakubaliana mpaka leo.

Sasa tazameni jinsi siasa ilivyokuwa ikisukuma mambo kule. Kenya haikutaifisha bima yote. Ilianzisha kampuni ya Serikali mwaka 1964, Kenya National Assurance, iliyoshindana na za watu binafsi. Sheria yao kuu ya bima ilitungwa mwaka 1984 na kuanza kazi mwaka 1987, ikiwa na Kamishna wa Bima ambaye ofisi yake ilikuwa idara ndani ya Wizara ya Fedha. Nawaza tu: mkubwa wa idara ya wizara ana nguvu gani ya kuifunga kampuni ya Serikali ile ile inayomwajiri? Mwaka 1996 Kenya National Assurance ilianguka, ikatiwa mikononi mwa mfilisi. Kuwa mali ya Serikali hakukuiokoa. Ni ajabu kwamba mwaka huo huo ambao Kenya iliizika kampuni yake ya Serikali, sisi ndio tuliokuwa tukilivunja dirisha moja la Shirika letu.

Desemba 2002 Wakenya walibadili Serikali kwa kura. Mwaka 2004 Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, akaleta zile kanuni mashuhuri za matatu, mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo. Na mwaka huo huo zikatungwa kanuni za mfuko wa kuwafidia wenye bima ambao kampuni zao zimefilisika. Mfuko huo hujazwa kwa njia nyepesi: katika kila shilingi 100 za ada ya bima, mteja huchangia senti 25 na kampuni senti 25. Ulianza kazi mwaka 2005. Haukupita muda, Julai ya mwaka huo huo, kampuni iitwayo United Insurance, iliyokuwa na mabasi na matatu mengi, ikawekwa chini ya msimamizi. Standard Assurance ikafuata mwaka 2009, na Blue Shield mwaka 2011. Zote tatu zilikuwa katika biashara ya magari ya abiria, ile ambayo kampuni kubwa huikimbia kwa sababu ya ajali nyingi na kesi nyingi. Kwa upande wa usimamizi, Bunge la Kenya lilibadili sheria mwaka 2006, na Kamishna akatoka wizarani kuingia katika mamlaka yenye bodi yake.

Mtu atasema: basi mfuko upo, tatizo limekwisha. Halikwisha, na sababu yake ilijificha katika neno moja la sheria. Mfuko ulipotungwa, ulitungwa uwalipe watu wa kampuni iliyofilisika. Kampuni iliyo chini ya msimamizi haijafilisika; kwa sheria ni mgonjwa anayetibiwa. Kwa hiyo mdai wa wakati ule alikaa katikati: kampuni haikulipa kwa sababu ilikuwa imezuiwa, na mfuko haukulipa kwa sababu kampuni ilikuwa haijafa. Miaka ilipita mahakamani zuio likiongezwa. Mwenye kutunga kifungu kile alifikiri juu ya kampuni, hakufikiri juu ya mtu aliyelala kitandani na chuma mguuni. Kama ningekuwa Mbunge (nina miaka 17, kwa hiyo msiogope), ningetaka fidia ya mtu aliyeumia ianze kulipwa siku ile msimamizi anapoingia, kisha mfuko ndio ubaki kumdai mfilisi. Mfuko una wanasheria na una subira. Mjomba hana.

Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zilitoka, walijifunza kwa njia hiyo hiyo ya maumivu. Machi 1971 kampuni iitwayo Vehicle and General, iliyojulikana kwa bei za chini, ilianguka, na madereva wanaokaribia milioni moja wakaamka hawana bima. Ikaundwa baraza la uchunguzi. Ripoti ya mwaka 1972 ilimlaumu zaidi ofisa mmoja wa wizara, na mawaziri wakapita salama, jambo lililoleta mabishano makubwa kule: nani hujibu kwa Bunge, karani au bwana wake? Lakini hasira ya wenye magari ilizaa tunda. Mwaka 1975 ikapitishwa sheria ya kuwalinda wenye bima: kwa bima inayolazimishwa na sheria, kama ile ya magari, hulipwa yote, kwa nyingine nyingi, asilimia 90.

Kifungu hicho cha Waingereza nakiona kuwa na haki kuliko vyote nilivyosoma, na ningependa tukiige. Kwa nini? Kwa sababu kinatofautisha kati ya aliyechagua na aliyelazimishwa. Mtu akikata bima kubwa ili gari lake la kifahari likikwaruzwa apakwe rangi, hiyo ni hiari yake, na akipoteza kidogo kampuni ikifa si neno. Lakini bima ndogo Serikali imeamuru. Mwenye bodaboda hawezi kuingia barabarani bila hiyo. Na abiria hakuichagua kampuni kabisa. Hata jina lake haliwezi kulisoma pale kiooni, basi likiwa limejaa. Serikali ikiniamuru ninunue ahadi, inakuwa mdhamini wa ahadi ile, itake isitake.

Nimejaribu hoja hii bwenini, na nikapata pingamizi mbili. Ya kwanza, kwamba mfuko wa fidia utawafanya wenye kampuni wazembe: wakifanya ovyo, mfuko utalipa. Ni pingamizi la haki. Tena kampuni nzuri ndizo zitakazobeba mzigo wa mbovu. Lakini msimamizi akiwa na meno, akaifunga kampuni mapema ingali na mali ya kugawa, mfuko hautalipa mengi. Tatizo ni kwamba kuifunga kampuni mapema ni jambo la kuchukiza kisiasa. Wafanyakazi watapoteza kazi, wenye mabasi wataandamana, na uchaguzi labda umekaribia. Ni rahisi zaidi kusema tusubiri kidogo. Kila mwezi wa kusubiri shimo linazidi kina, na wanaoingia ndani yake ni wateja wapya waliovutwa na bei rahisi. Ndiyo maana nasema msimamizi asiwe mtu anayeweza kuondolewa kazini kwa simu ya Waziri.

Pingamizi ya pili ilitoka kwa rafiki yangu ambaye baba yake ana basi. Alisema michango ya mfuko itamwangukia abiria katika nauli. Ni kweli. Lakini kwa hesabu ya Kenya, ada ya shilingi 100,000 humtoa mwenye gari shilingi 250. Gawanyeni hizo kwa abiria wa basi moja kwa mwaka mzima, mniambie kama nauli itapanda hata kwa thumni.

Sisi si wageni wa mambo haya. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano ndogo zilizopungukiwa na mtaji, kati yake za Njombe, Kagera na Meru. Wenye amana walilindwa na Bodi ya Bima ya Amana mpaka kikomo cha wakati ule, shilingi 1,500,000. Waliokuwa na zaidi ya hizo walilalamika, lakini angalau kila mmoja alijua jibu kabla ya kuuliza, kwa kuwa kikomo kilikuwa kimeandikwa miaka kabla ya msiba. Hilo ndilo ninalolitaka kwa bima: jibu liandikwe wakati wa amani, wakati hakuna Waziri anayejua kama atakayefaidika ni rafiki yake au adui yake. Sheria inayotungwa mazishini huwa na jina la marehemu ndani yake.

Na jambo hili halitangoja mpaka sisi tuwe wazee wenye magari. Novemba 2023 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Nilipoisikia mara ya kwanza nilifurahi kama kila mtu, kwa ajili ya bibi yangu na dawa zake za presha. Baadaye nikajiuliza swali lile lile la mweka hazina wa chama cha mazishi. Fedha zitakusanywa leo, ugonjwa utakuja kesho. Mabadiliko ya siasa yakileta Waziri anayetaka kusifiwa, ataongeza mafao bila kuongeza michango. Akija mwingine mwenye kubana matumizi, atayakata. Wakati hazina inapopungua, nani wa kwanza kukosa: hospitali, mgonjwa, au Hazina ya Serikali?

Chama chetu cha Midahalo kimekubali mada hii kwa muhula ujao, kwa maneno haya: "Serikali inayolazimisha bima ni lazima iidhamini." Mdahalo utakuwa Ijumaa ya tatu baada ya kufungua, katika bwalo, baada ya chakula cha jioni. Upande wa kupinga bado unatafuta msemaji wa pili, na wale wa mchepuo wa sayansi niliowataja mwanzo wamwone katibu wa chama.